Risala kwa Mgeni Rasmi: Machujio ya McMillan na Mahitaji ya Mtaa Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mzee wetu uliyetoka Dar es Salaam, Mwenyekiti, akina baba na akina mama, vijana, na watoto wetu wa darasa la Jumamosi, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya Waswahili tunaoishi Bloomingdale na mitaa ya jirani hapa Washington, nakukaribisha sana. Historia ya kikundi leo hatuisomi. Mapato na matumizi atayasoma mwekahazina, na hayatachukua muda, maana hakuna cha kuchukua muda. Sisi tuna deni la asubuhi. Tulipokupitisha barabara ya North Capitol ukaona ile minara ya saruji ya machujio ya McMillan, ukatuuliza garini: mji unanunuaje mtambo wa maji uliokufa, kisha unakaa nao miaka yote hiyo? Tulicheka tu. Tumeona tukujibu hapa, mbele ya watu.

Mzee, wewe umekula chumvi nyingi katika kazi ya maji, kwa hiyo ya kitaalamu tutayagusa juu juu. Mtambo wa McMillan ulikamilika 1905, shabaha yake homa ya matumbo. Maji ya mto Potomac yaliingizwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, 20 katika kiwanja ulichokiona, kila kimoja kama ekari moja, dari zake matao ya saruji isiyo na nondo. Mwanzoni hayakutiwa dawa. Yalishuka polepole kwenye mchanga, na ule utando hai unaoota juu ya mchanga ndio uliofanya kazi. Mchanga ukiziba, watu walishuka na makoleo, wakakwangua tabaka la juu, likaoshwa na kupandishwa kwenye minara kusubiri zamu nyingine. Juu ya vyumba palioteshwa majani, bustani ya watu wote. Simulizi za mtaani zinasema usiku wa joto kali familia zilibeba mablanketi zikalala pale. Vikaja Vita Vikuu vya Pili, serikali ikahofia maji kutiwa sumu, ukajengwa uzio. Vita viliisha. Uzio haukuondoka.

Basi jibu letu linaanzia hapo kwenye uzio. Mtambo ulizimwa katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1987 mji ukakinunua kiwanja, ekari 25, kwa dola milioni 9.3. Toka hapo kila mtu alikuwa na ramani yake. Kulikuwa na mpango wa nyumba, ofisi za matibabu na duka la vyakula. Kulikuwa na majirani waliotaka matao yote yabaki na majani yarudi. Walifika mahakamani, mwezi Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ilitengua vibali vya mpango ule, na vyumba havikuanza kubomolewa hadi 2021. Tusikufiche, Mzee, hata sisi hatukuwa kauli moja. Wapo hapa ukumbini waliosaini karatasi za kupinga, na wapo waliosema wamechoka kubeba mifuko ya unga kwenye basi. Kwa maoni yangu mimi msomaji, wote walikuwa na haki. Kasoro ni kwamba ramani zilikuwa zikifika kwanza, ndipo mtaa ukaulizwa unataka nini.

Nakupa mfano mmoja. Julai 2012 mvua zilitupiga hapa mara kadhaa. Mabomba ya mtaa huu ni ya zamani mno, na maji ya mvua na majitaka hupita bomba moja. Wakati huo darasa letu la Kiswahili lilikuwa kwenye besimenti ya kupanga. Mama mmoja aliyekuwa zamu ya uji alisikia choo kinaguguma kama mtungi unaojaa. Alipofungua mlango, maji meusi yalikuwa yanapanda kutoka tundu la sakafuni, na viatu vya watoto vinaelea. Tulitoa watoto, tukatoa sufuria, mkeka tukauacha. Mwenye nyumba alitudai kodi ya mwezi ule.

Baada ya kilio cha mitaa hii, ndipo watu wa majitaka walipogeukia kile kiwanja kilichofungwa. Sehemu ya vyumba vya zamani ikatumika kupokea maji ya mvua yasitushukie kwa mkupuo. Handaki la First Street, la kupokea maji ya mvua na majitaka, likafuata 2016, na lile kubwa la Northeast Boundary 2023. Yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya kununuliwa, kiwanja cha maji kilipata kazi ya maji, na ndiyo tuliyoihitaji kuliko zote. Mwezi Juni 2024 ikafunguliwa bustani na kituo cha jamii chenye bwawa la kuogelea. Baadhi ya minara na sehemu ya matao vimebaki. Watoto wetu wanaiita minara hiyo "vinu vya majitu", na hatujawasahihisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Unaporudi nyumbani utakutana na wenzako wa mamlaka za maji. Huko nako yapo matangi makavu na viwanja vya visima vilivyofungwa kufuli katikati ya watu. Tunakuomba, kabla ya kikao cha michoro, uwashauri wakae kwanza na mwenyekiti wa mtaa, mama ntilie na vijana wa bodaboda, wawaulize mvua ikinyesha maji yanaingia wapi.

Ombi la pili ni vitabu. Darasa lina watoto 17 na vitabu vinne vya kusoma, kimoja hakina jalada. Ukituletea hata vya mitumba tutapokea kwa mikono miwili.

Uji uko tayari pale nyuma, na zamu ni ya mama yule yule. Tunaomba kuwasilisha.