Mhariri, jiwe la Mwanza halijatulia kama mnavyosema

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma saiti wakati wa chai, mara nyingi linakuwa la jana manake ndo limefungia chapati. Wiki mbili zilizopita mlitoa makala ya matetemeko, na mwandishi wenu akamalizia kwa kusema sisi wa Mwanza tusiwe na wasiwasi kwa sababu jiji limekaa juu ya mwamba, tetemeko ni mambo ya Kagera na Kigoma huko. Hiyo sentensi imenikaa kichwani mpaka leo. Nusu yake ni kweli na ndo inayonisumbua, ingekuwa uongo mtupu ningeipita tu.

Mimi ni fundi mjenzi, sio mtaalam wa jiolojia. Ninachojua nimekisoma na kukiuliza baada ya yaliyonikuta Bukoba. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa Kashai napiga plasta ukuta wa nje, inaelekea saa tisa na nusu alasiri. Kwanza nikadhani ni lori la mchanga linarudi nyuma, alafu plasta niliyotoka kuipiga ikaanza kushuka yenyewe kama uji, jukwaa likacheza, nikaruka. Nimefika barabarani ndo naona mwiko bado ninao mkononi. Nyumba ya jirani ilikuwa ya tofali za kuchoma na udongo, ukuta wa mbele ulilala chini wote kwa mpigo, paa likabaki limeegemea fremu ya mlango. Na hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9 tu. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia wakaumia, shule za Ihungo na Nyakato (Nyakato ya Bukoba, sio hii yetu) zikafungwa kwa muda.

Kesho yake nilizunguka natafuta ufa. Akili ya fundi ilikuwa inaniambia kama ardhi imecheza vile lazima kuna mahali imeachana, nikatembea mpaka jioni, nyufa zote nilizoziona ni za majumba. Baadaye sana ndo nikaja kusoma kwamba kilichopasuka kilikuwa kama kilomita 40 chini, na Bukoba yenyewe wala haiko ndani ya Bonde la Ufa, bonde liko mbali upande wa magharibi. Sasa hapo nikajiuliza, kama ufa uko kule, huku kimepasuka nini?

Jibu lake naweza kulisema kwa lugha ya saiti. Mteja akikuita uangalie ufa ukutani, fundi anayejua kazi hakimbilii kuuziba, kwanza anausoma. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha unakwambia msingi wa upande ule umezama. Ufa wa wima, mpana juu mwembamba chini, unakwambia kuta mbili zinaachana. Na ukuta ukiwa na tofali ngumu kuliko simenti iliyoziunga, ufa haukati tofali, unashuka kwa ngazi kwenye maungio, kulia, chini, kulia, chini. Yani nyumba ishatembea na wewe unasoma nyayo zake.

Wataalam wa matetemeko nao wanafanya kitu kama hicho kwa bara zima. Kila tetemeko likipiga, vile vipima mtikisiko vinaandika kama ardhi mahali pale ilianza kwa kusukumwa au kwa kuvutwa, wakiunganisha vituo vingi wanajua mwamba uliteleza kuelekea wapi hata kama ufa wenyewe uko kilomita 40 chini na hakuna binadamu atakayeuona. Huku kwetu matetemeko mengi yanasema neno moja, kwamba ardhi inavutwa mashariki na magharibi. Afrika inagawanyika, kipande kikubwa cha magharibi wanakiita bamba la Nubia na cha mashariki bamba la Somalia, na Kiswahili hakikuzunguka sana, kililiita Bonde la Ufa likaisha.

Ila ufa wenyewe sio mmoja. Ukifika ukanda wetu umegawanyika mara mbili, mkono wa mashariki unashuka Turkana, Naivasha, Natron, Manyara, na mkono wa magharibi unapita Albert, Edward, Kivu, Tanganyika mpaka Rukwa na Nyasa. Katikati ya mikono hiyo ndo tuko sisi na ziwa letu, juu ya mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ule mwamba ni tofali gumu na ufa umepita kwenye maungio. Hiyo ndo nusu ya kweli ya mwandishi wenu na nampa haki yake.

Nusu nyingine sasa. Tofali likiachiwa kwenye maungio pande zote mbili unadhani linatulia? Vipimo vya GPS vinaonesha kipande chetu, wanakiita bamba dogo la Victoria, kinazunguka taratibu kinyume cha mshale wa saa, na mwaka 2020 wataalam wa Ujerumani na Marekani walitoa utafiti kwamba kinazungushwa na hivyo vipande vikubwa vya pembeni vinavyokivuta huku na huku kwenye kingo zake. Mwendo ni mdogo, bonde linatanuka milimita chache kwa mwaka, kiasi cha ile nafasi anayoiacha fundi wa marumaru kati ya kigae na kigae. Mtu anacheka. Lakini piga hesabu ya nafasi moja kama hiyo kila mwaka kwa mamilioni ya miaka alafu ukaangalie Ziwa Tanganyika, kina chake ni kama mita 1,470. La kwetu halifiki hata mita 90, manake lile limekaa ndani ya ufa na letu limekaa kwenye sahani.

Na hiyo sahani nayo imetengenezwa na huohuo mvutano. Zamani mito kama Kagera, Katonga na Kafu ilikuwa inaelekea magharibi. Kingo za bonde la magharibi zikainuka pole pole, mito ikakosa pa kwenda, maji yakarudi nyuma yakajaa hapa katikati. Sangara wote wanaoshushwa pale Mwaloni Kirumba wanaogelea kwenye maji yaliyogeuzwa njia na ardhi iliyojikunja, alafu mnatuambia hayo mambo hayatuhusu!

Kitu kilichonichukua muda kuelewa ni kwa nini mabara yanasumbua hivi. Baharini kingo za mabamba ni nyembamba, ukiweka nukta ya kila tetemeko kwenye ramani unapata mstari kama umechorwa kwa rula. Ukija bara nukta zinamwagika. Asia zimetapakaa kutoka Himalaya mpaka ndani kabisa China, lile la Sichuan la Mei 2008 liliua makumi ya maelfu ya watu mbali kabisa na bahari. Mwamba wa bara ni laini kuliko wa chini ya bahari, na umejaa makovu ya zamani, ukivutwa au ukibanwa haukatiki sehemu moja, unagawana mzigo kwenye eneo pana. Kwa hiyo ukitafuta mstari mmoja useme hatari iko hapa na huku ni salama, bara haliko hivyo, na Bukoba ndo ilikuwa inatuonesha.

Watu wanauliza mbona miaka inapita kimya. Chukua nondo ya milimita 12, ibane upande mmoja, sukuma upande wa pili taratibu. Haisemi kitu, inapinda tu. Ukiiachia ghafla ndo utajua ilikuwa imeweka nini. Baada ya tetemeko la San Francisco, Marekani, mwaka 1906 mtaalam anaitwa Reid aliangalia vipimo vya ardhi vya kabla na vya baada, akaona ardhi ya huku na huku ya ufa ilikuwa inapinda miaka mingi kabla haijateleza, na ilipoteleza kuna barabara ilihama kama mita sita. Kwetu Tanzania nondo iliwahi kuachia Desemba 1910 kule Rukwa, ukubwa kama 7.4. Hiyo ni nguvu zaidi ya mara mia ya lile la Bukoba, na enzi zile hapakuwa na magorofa.

Sasa mwamba wetu. Mwamba mgumu na wa baridi haumezi mtikisiko, unaupitisha. Gonga bomba la chuma upande mmoja uweke sikio upande wa pili. Siku ile ya Bukoba mke wangu alikuwa hapa Mwanza, vyombo vililia kabatini. Na sio wote tuko juu ya jiwe, kuna waliojenga kwenye tope kandokando ya ziwa na kwenye kifusi cha mto Mirongo, na tope likipokea mtikisiko linaucheza kwa nguvu zaidi. Mexico City mwaka 1985 kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka mjini, lakini mji umekaa juu ya tope la ziwa la zamani, majengo yakaanguka kwa mamia.

Hata yale mawe yetu yaliyopandana, Jiji la Miamba tunalojivunia na watalii wanapiga picha Jiwe la Bismarck, Marekani kuna mtaalam anaitwa Brune alikuwa anayatumia mawe ya namna hiyo kama mashahidi, jiwe likiwa limekaa kwa kuyumba maelfu ya miaka bila kuanguka, basi mtikisiko mkubwa haujapita hapo. Ningefurahi wanafunzi wetu wapewe kazi ya kuyapima ya Mwanza. Ila kule Bugarika kuna nyumba nimeijenga mwenyewe, juu yake kuna jiwe la ukubwa wa daladala limeshikwa na jiwe jingine kama kiti, na mama mwenye nyumba amefunga kamba ya kuanikia hapohapo. Nilimshauri asogeze vyumba vya kulala upande wa pili. Akaniambia hilo jiwe amelikuta bibi yake.

Naomba makala ijayo msiandike tuko salama, andikeni kuhusu lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango. Pale Kashai nyumba mbili zilikuwa zinatazamana, tofali zilezile, yenye lenta ya nondo iliyozunguka kuta zote ilipata nyufa ikasimama, isiyo nayo nimeshaisema hapo juu. Nina mteja wangu Igoma tumefika usawa wa madirisha, anataka turuke lenta tuweke mbao juu ya milango tu ili hela ibaki ya geti. Nimemtumia picha za Bukoba kwenye simu. Tiki zimeshageuka bluu tangu juzi, na zege sijakoroga.

Fundi mjenzi,
Mabatini, Mwanza