Futi peke yake haitoshi, mafundi wetu wafundishwe kushona juu ya sanamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee ushonaji, maana ukurasa wenu wa mitindo unaweka picha za magauni mazuri sana ya kumwagika, yenye makunjo kifuani na ubavuni, alafu hamna hata mstari mmoja unaosema yale makunjo yanapatikanaje. Wateja wanaipiga picha na simu wanatuletea huku Tandika, fundi nataka hivi hivi, na mafundi wengi wanachukua futi wanaandika kifua, kiuno, hipsi, urefu, wanakata mezani kwa makadirio, gauni likivaliwa makunjo yamehamia upande mmoja au yamevimba tumboni na lawama zote kwa fundi.

Gauni la namna ile halianzii mezani, linaanzia kwenye mwili wa mtu au kwenye sanamu lenye umbo lake, unatandaza kitambaa juu yake unabana na pini unakunja mpaka uone limekaa. Wenzetu wanaita drepingi na kwa kweli kila fundi wa nguo za kike angetakiwa aijue, sio wale wa harusi za gharama tu.

Futi inakwambia ukubwa lakini umbo haikwambii. Chukua wadada wawili, wote kifua inchi 40, mmoja mgongo mpana matiti madogo, mwenzie mgongo mwembamba kifua kimejaa, ukiwakatia pateni moja, yani kielelezo cha kukatia kitambaa, lazima mmoja apate shida, huyu linambana kwapani yule linamning'inia. Kwenye sanamu hilo unaliona kabla hujagusa kitambaa chenyewe cha mteja, kwa sababu unaanza na merikani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida. Merikani ni bei rahisi kuliko krepu au satini, na sio kitu kigeni kwetu, bibi zetu huku pwani waliivaa kabla hata kanga hazijaenea. Unailowesha kwanza, unaipiga pasi mpaka nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana) zikutane mraba, unachora mstari wa mtande katikati ya mbele na kuubana pini shingoni, kifuani na kiunoni. Kisha unalaza kitambaa kwa kiganja kuelekea begani na ubavuni, kule kitakakozidi ndo penye dati, yani mkunjo unaoshonwa ili nguo ifuate umbo, na hapa ndo utamu wenyewe ulipo kwasababu ile ziada wewe ndo unaamua iende wapi, uipeleke begani, uishushe kiunoni, uigawe iwe marinda madogo madogo au uiache ikunjike yenyewe. Shingoni na kwapani unachanja kidogo na mkasi kwenye ziada ya mshono ili kitambaa kilale. Ukiridhika unaweka alama za penseli palipopita pini, unaitoa, unailaza mezani, unanyoosha mistari na rula, pateni yako hiyo hapo.

Zile shingo za kumwagika nazo siri yake ni mshazari, yani kitambaa kinakaa digrii 45 kutoka kwenye mtande, hapo hata kisicho na mpira kinavutika na kuufuata mwili. Madeleine Vionnet aliyefungua nyumba yake ya mitindo Paris mwaka 1912 ndo aliyejulikana sana kwa kazi hii, na alikuwa anabuni juu ya mdoli mdogo wa mbao, sio sanamu kubwa la bei kali. Ila nguo ya mshazari usiikunje pindo siku hiyo hiyo, itundike hata masaa 24 ishuke kwanza, la sivyo baada ya wiki pindo linapanda huku linashuka kule. Na inakula kitambaa, mteja aambiwe mapema aongeze yadi kabla hajatoka Kariakoo.

Kuna wanaosema haya hayafai kwa kitenge. Mi nabisha. Ni kweli kitenge kipya kigumu hakimwagiki kama krepu, lakini kinashika mkunjo vizuri, unaweza kukijengea pindo begani likasimama lenyewe, na ukiwa na sanamu unaona ua kubwa litaangukia wapi, sio limeshonwa ndo unakuta ua zima limekaa kwenye titi moja. Kanga ndo kabisa, ina mji na ina pindo, ukiikata mezani bila kuijaribu mwilini unaua uzuri wake wote.

Kuhusu gharama ya sanamu najua wengi wetu hatuna, lakini mtu anavaa fulana kuukuu ya kubana, mwenzie anamzungushia seloteji pana safu kadhaa bila kumkaza, inachanwa mgongoni kwa uangalifu, inaunganishwa tena na kujazwa mabaki ya vitambaa ambayo kila banda la fundi yamejaa. Ile inakuwa na umbo la mteja mwenyewe kabisa.

Kwahiyo naomba vyuo vya ufundi, VETA na vile vya binafsi mitaani, kijana asihitimu kabla hajatoa pateni moja kamili kutoka kwenye sanamu kwa mikono yake. Wateja nao, gauni la makunjo msilete Alhamisi la Jumamosi, lipeni na muda wa kujaribisha. Na nyie gazetini mkiweka picha ya gauni tafuteni fundi aeleze lilivyokatwa, hata aya mbili zinatosha, mkianza na shingo ya kumwagika mtakuwa mmetusaidia sana maana msimu wa harusi ndo inayoombwa kila siku.

Fundi wa magauni,
Tandika, Dar es Salaam