Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: Chama cha wafugaji kuku, Nakuru

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu nyote kutoka Bahati mpaka Njoro, Rongai, Subukia na nyinyi wa mjini mnaofugia nyuma ya nyumba huko Kiamunyi na Free Area. Katiba inataka mwenyekiti atoe taarifa kabla mwaka haujaisha. Hii nimeiandika mwenyewe, usiku tatu, na wale wameanza kusema ati nimeandikiwa na mashine, yaani hii AI, programu ya kompyuta inayoandika majibu yenyewe, wanakaribishwa nyumbani niwaonyeshe daftari nililoanzia.

Yale ya kawaida mnayajua kwa hivyo nitapita haraka. Chanjo za pamoja tulifanya mara tatu, wafugaji 42, kuku 9,600. Chakula tulinunua kwa pamoja magunia 310 na tukapunguziwa shilingi 150 kila gunia, hiyo ni 46,500 imebaki mifukoni mwenu, na wale walikuwa wanasema hiyo bei haiwezi kupatikana wakumbuke nani alienda kukaa kwa mlango wa msambazaji siku mbili. Mafunzo mawili. Misiba minne, kila familia 10,000, jumla 40,000. Safari ya kutembelea wenzetu wa Kisumu haikufanyika kwa sababu watu sita tu ndio walilipa nauli.

Sasa nije kwa ile kitu imeleta maneno mwaka huu wote, yaani kuzuia majibu ya AI kwenye grupu letu la WhatsApp. Nimeitwa mtu wa zamani, nimeitwa dikteta, mmoja alisema naogopa vijana watanipita. Nataka nieleze kutoka mwanzo kwa sababu wengi wenu mlisikia nusunusu.

Mwezi wa sita, saa tatu usiku, mama mmoja wa upande wa Njoro aliandika hivi, meseji bado niko nayo: "Vifaranga vyangu 300 vya siku 24 vimejikunyata havili tangu asubuhi vinne vimekufa nisaidieni." Hiyo tu. Dakika mbili hazijaisha mwanachama mmoja akatuma jibu refu, pointi saba zenye namba, Kiswahili kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Jibu lilisema ni Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa vifaranga, na achanje mara moja. Chini yake mzee wetu mmoja wa Subukia, ambaye amefuga kabla wengi wetu hatujazaliwa, akauliza, "Mama, kinyesi kikoje? Na maranda ulibadilisha lini?" Lakini zile pointi saba zilikuwa zimejaza skrini nzima, watu wakaanza kuweka makofi na asante, na swali la mzee likapotelea hapo katikati ya makofi.

Asubuhi mama akapanda matatu akaja tao, akanunua chupa ya chanjo na akaichanganya na maji ya mfereji. Tumefundishana mara ngapi kwamba chanjo ya kunywesha ni kitu hai na klorini inaiua, ndio maana tunatanguliza maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye maji au tunatumia maji yasiyo na dawa. Na hata maji yangekuwa sawa, chanjo si dawa, kuku ameshaugua humchanji. Siku ya tatu nilienda mimi mwenyewe na afisa wa mifugo, nauli ilitoka kwa mfuko wangu na sijawahi kudai. Afisa alipasua kifaranga kimoja juu ya gunia kwa mkasi mdogo, akafungua vile vifuko viwili vya utumbo, na ndani kulikuwa na damu nyeusi imeganda. Koksi, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo. Nikachota maranda karibu na kinyweshea, nikayafinya, yakashikana mkononi kama ugali. Vifaranga 64 vilikuwa vimeshakufa. Dawa ya koksi ya kuweka kwa maji ikaanza siku hiyohiyo, maranda yote yakatolewa, na waliobaki wakasimama.

Mama aliniambia kinyesi chenye damu alikiona tangu asubuhi ya siku ile aliyoandika. Hakuandika kwa sababu hakujua kama ni ya maana, na baada ya lile jibu la pointi saba hakuona haja ya kujibu swali la mzee. Hapo ndipo mimi moyo wangu uliuma. Mtu aliyeuguza kuku anauliza kwanza, kinyesi kikoje, wanahema vipi, umelisha nini, halafu ndio anajibu. Lile jibu halikuuliza kitu.

Nilimpigia aliyelituma. Nikamuuliza, wewe Gumboro ilikupata lini na ulifanya nini? Akanyamaza kidogo, akasema aliacha kufuga mwaka jana, aliuliza AI akakopi akapesti, "nilikuwa nasaidia tu mwenyekiti." Naamini nia yake ilikuwa nzuri kabisa. Lakini yule mama alipofuata yale maneno alidhani anafuata mfugaji mwenzake, mtu anayemjua, ambaye kesho anaweza kumsimamisha sokoni amuulize mbona uliniambia vile. Yale maneno hayakuwa na mwenyewe. Yakiwa sawa hakuna wa kushukuru na yakiharibika hakuna wa kuuliza, na vifaranga ni vya mtu, vimenunuliwa kwa mkopo.

Ya pili ilikuwa mwezi wa nane. Mwenzetu wa Rongai alipoteza mama yake. Rambirambi zikaingia nyingi, na moja ilianza na maneno "Hakika, huu hapa ujumbe wa rambirambi wenye heshima," na katikati, mahali palipofaa kuwa na jina la mama, kulikuwa na mabano yenye maneno "jina la marehemu", jina lenyewe halipo. Yule aliyetuma hata hakusoma. Mwenzetu alinipigia saa tano usiku akaniuliza, "Mwenyekiti, hata jina la mama yangu limewashinda?" Sikuwa na jibu. Hebu fikirieni mtu amekaa kwa matanga anasoma hiyo. Heri angeandikiwa pole, neno moja, herufi nne, lakini limetoka kwa mtu.

Baada ya hapo nikaita kamati. Tulikuwa saba, watano wakakubali, mmoja akakataa, mmoja hakupiga kura. Tuliamua kwamba anayetuma maneno ya mashine aseme ni ya mashine, na kwenye mambo ya ugonjwa, dawa, chanjo na misiba yasitumwe kabisa. Anayevunja anaonywa, akirudia anatolewa kwenye grupu siku 30. Mwanachama mmoja alionywa, akarudia mara nne ndani ya wiki mbili, tukamtoa siku 30. Jamaa zake na marafiki wakatoka naye, watu 11. Na hapo ndipo mimi nikawa adui.

Wanasema kamati haikuwa na uwezo, ilifaa mkutano mkuu uamue. Nakubali ilifaa! Niliita mkutano mwezi wa tisa kwa hiyo ajenda peke yake, na katiba inataka theluthi moja, yaani watu 57. Walikuja 31. Nikaita tena mwezi wa kumi na moja, wakaja 27, na tisa kati yao walifika saa sita tukifunga. Kipengele cha dharura kinaruhusu kamati kuamua, na vifaranga 64 vikifa kwa ushauri uliotoka kwetu mimi naita hiyo dharura. Wanaopiga kelele zaidi kwamba hawakuulizwa, nimeangalia rejista, hakuna hata mmoja aliyekuja hizo siku mbili.

Wanasema pia tunapinga maendeleo. Sio kweli na inaniudhi. Barua yetu ya kuomba daktari wa mifugo kutoka kaunti niliitafsiri Kiingereza kwa msaada wa hiyohiyo AI, nikaisoma mara tatu, nikaweka sahihi yangu, na nilisema wazi kwa kamati. Kijana wetu mmoja wa Lanet huwa anapiga picha lebo ya dawa AI imuelezee Kiingereza kigumu. Vizuri sana. Uliza kwako nyumbani, jaribu, halafu njoo utuambie nilisoma hivi, nikafanya hivi, kuku wangu wakawa hivi. Hiyo ndio tunataka kusikia kwa sababu hiyo haipatikani kwa mashine. Mashine yenyewe, vile nimeelezwa na mwanangu anayesomea kompyuta, imelishwa maandishi mengi sana na inapanga neno linalofuata kwa kukisia linaloelekea kufaa. Mara nyingi inafaa kweli, na ikikosea inakosea kwa sauti ileile ya uhakika. Haijawahi kuamka saa nane usiku kuongeza makaa kwa jiko la vifaranga.

Na hatukuwa wa kwanza, hii ndio nataka wale vijana wasome. ChatGPT, moja ya hizo AI, ilitoka mwisho wa Novemba 2022, na mwezi uliofuata tu Stack Overflow, mahali ambapo waandishi wa programu duniani wanaulizana maswali, watu wa kompyuta wenyewe, wakapiga marufuku majibu yake kwa sababu yalionekana mazuri na mengi yalikuwa na makosa. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kortini kesi ambazo AI ilizibuni. Na mwaka huu wa 2025 ilijulikana kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich waliingiza maoni zaidi ya 1,700 ya AI kwenye majadiliano ya watu kwenye tovuti ya Reddit bila kuwaambia. Mengine yalijifanya ya mtu aliyebakwa, mengine ya mshauri wa watu walioumia moyo. Watu walikuwa wanafungua roho zao wakidhani wanaongea na mtu. Walipojua walikasirika, na mimi nawaelewa kabisa.

Kuna pingamizi moja tu lilinifanya nikae chini nifikirie upya, na lilitoka kwa mama yetu mzee wa Bahati. Alikuja nyumbani kwa miguu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Mjukuu ananiwekea maneno yangu kwa hiyo kitu inayanyoosha nisichekwe. Sasa umeninyamazisha." Aliniambia hivyo akiwa amesimama mlangoni, hata chai alikataa kwanza. Huyu mama amefuga kienyeji miaka mingi na kuku wake hawafi ovyo. Alikuwa na haki, na ile sheria tuliandika kwa haraka. Kamati ikarekebisha: ukinyooshewa maandishi lakini maneno na kuku ni wako, hakuna shida, na sauti za kurekodi zinakaribishwa kwa lugha yoyote unayoweza, mwenye kuelewa atatafsiria wengine. Tangu hapo yeye hutuma sauti tu. Juzi alieleza vile anajua kuku anataka kuatamia kwa kusikiliza anavyolia asubuhi, dakika nne nzima, na nimesikia watu watatu wakisema waliirudia.

Pesa sasa. Tulianza mwaka tukiwa 186, wametoka 19, wamekuja 4, tuko 171. Kati ya hao 19 ni 11 waliotoka kwa sababu ya haya mambo, na watatu tu kati yao walikuwa wamelipa ada. Ada ni 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kwa mwezi, bei ya mayai machache. Waliolipa yote ni 74, waliolipa nusu 39, ambao hawajalipa hata shilingi 58. Zimeingia 112,200, deni ni 93,000. Mtu hajalipa ada na bado ananiandikia saa nne usiku kuuliza bei ya chakula, na mimi huwa namjibu, muulizeni yeyote. Simu nyingi za mwaka huu nimepiga kwa salio langu na sijaleta risiti. Lakini familia za misiba ijayo tutazisaidia na nini kama 58 hawajatoa kitu?

Mwaka ujao tunatumaini kupata friji ya chanjo, Mungu akijalia, na pengine ile safari ya Kisumu, na tukipata mtu wa kutufundisha kutengeneza chakula wenyewe itakuwa vizuri. Yule mwanachama wa siku 30 muda wake uliisha zamani. Nimempigia mara mbili hajashika. Nafasi yake iko, na nikimkuta nitamwambia ana kwa ana.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, mahali pa kawaida. Ile sheria ya AI itapigiwa kura hapo mkifika 57. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha ada kuanzia saa tatu na nusu.