Betri ya gari imechoka, mzee hataki kushusha bei: nikate kiasi gani?

Mshauri, salamu.

Hii ni wiki ya tatu napatana bei ya gari la haibridi (linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme yenye betri yake kubwa) na mzee mmoja aliyenifundisha kazi nilipoanza ajira. Tumekwama, na sitaki kumvunjia heshima wala kuteketeza akiba yangu.

Gari lina miaka 13. Bodi ni safi, injini haitoi moshi, na risiti zote za matengenezo anazo kwenye bahasha moja. Bei aliyotaja inalingana na ya magari mengine ya umri huo niliyoyaona yakiuzwa. Lingekuwa la petroli tupu, tungekuwa tumeshamalizana.

Shida ni betri kubwa. Siku ya kulijaribu, kwenye mteremko mfupi tu, mistari ya chaji kwenye dashibodi ilipanda kutoka miwili hadi kujaa. Tulipoanza kupanda kilima ikaisha kabla hatujafika juu. Mzee akafurahi: "Unaona inavyochaji haraka?" Mimi moyo ukanidunda. Betri inayojaa upesi na kuisha upesi ni kama debe lenye mchanga nusu: linaonekana limejaa, kumbe maji ni kidogo.

Nikarudi na fundi wa umeme wa magari. Tulifungua kichungi cha feni inayopoza betri, pembeni mwa kiti cha nyuma, tukakuta vumbi na nywele za mbwa zimeshikana kama kipande cha blanketi. Kisha akachomeka kifaa cha kupimia. Betri za nikeli za namna hii huwa na moduli nyingi, yaani betri ndogondogo, zilizounganishwa mfululizo. Ile ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, kwa mfano, ina moduli 28, na kompyuta ya gari huzisoma mbili mbili, yaani jozi 14. Kwenye gari la mzee, kila nilipokanyaga mafuta, jozi moja ilianguka zaidi ya volti moja chini ya wenzake. Taa ya onyo haijawaka, ila fundi anasema haitakawia. Anasema pia kwamba kubadilisha moduli mbovu peke yake ni kununua muda, kwa sababu zilizobaki zina umri uleule na zitafuata.

Nilimwomba mzee aondoe kwenye bei gharama yote ya betri mpya. Hakukasirika. Alifunga boneti taratibu, akasema: "Mwanangu, bei niliyokutajia ni ya gari la miaka 13 lenye betri ya miaka 13. Ukinikata betri nzima, nitakuwa nimekununulia betri mpya kwa pesa yangu."

Tangu siku hiyo maneno hayo hayanitoki kichwani, kwa kuwa naona ana haki. Betri mpya itanifaa mimi miaka mingi, si yeye. Lakini na mimi nina haki yangu: magari ya umri huo ninayoyalinganisha yanauzwa yakiwa na betri zinazofanya kazi, na hili jozi moja imeshaanza kufa. Nikilipa bei ileile, ni mimi nitakayebaki kando ya barabara.

Nimefikiria kumwomba aondoe nusu ya gharama. Nimefikiria pia aweke betri mpya yeye mwenyewe kwa fundi tutakayekubaliana, nami niongeze kiasi juu ya bei. Hili la pili linanivutia zaidi, ila naogopa atatafuta betri iliyoungwaungwa kwa moduli kuukuu ili abane matumizi, na nikisema niwepo wakati wa kufunga ataona simwamini.

Ameniomba jibu mwisho wa wiki. Kati ya njia hizi mbili, ipi ni ya haki kwetu sote? Na vile vipimo vya fundi nimwonyeshe kwa maneno gani, ili asihisi kijana wake amekuja kumsomea mashtaka?

Wako,
Mnunuzi niliyekwama