Mwanangu, andika tarehe ya leo

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo hapa nyumbani. Goti la babako limepoa, jana alifika dukani kwa miguu yake mwenyewe na akarudi na mkate.

Jumapili ulipokuja ulisema jambo nikalinyamazia, na tangu siku hiyo silali vizuri. Ulikuwa unamenya viazi. Ukasema kwa sauti ile ile uliyokuwa ukisemea mvua na foleni za Barabara ya Mombasa, kwamba meneja wako amekuambia uandike barua ya kumtaka yule dereva wa lori ajieleze, uitie tarehe ya wiki mbili nyuma, kisha uiweke kwenye faili lake. Na dereva mwenyewe alikuwa ameshafutwa Ijumaa. Ukaongeza, "Ni karatasi tu, Mama, ya kukamilisha faili." Shangazi yako akabisha hodi, tukaingia mambo ya harusi. Nilitaka kukuita kando, lakini ulikuwa umechoka hata macho yamekuwa mekundu. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua nilishona miaka kumi na tisa katika kiwanda cha nguo pale Industrial Area. Hujui sana ile miaka sita ya mwisho nilipokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu mambo ya vikao sikuyaleta nyumbani. Leo nitakuletea moja.

Mwaka 2010 mwenzetu mmoja wa mashine ya vifungo alishukiwa kwamba ametoka getini na rili za uzi. Akafutwa siku hiyo hiyo. Hakuulizwa neno. Alipewa bahasha na askari akamsindikiza hadi barabarani, aproni bado imo kiunoni. Akapeleka malalamiko kwa afisa wa leba, na miezi minne baadaye tukaitwa. Kampuni ikaleta faili. Afisa akalifungua, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akasoma: kumbukumbu za kikao cha nidhamu, Jumanne, saa nne asubuhi. Mtuhumiwa alikuwepo. Mwakilishi wa chama alikuwepo. Na hapo chini, jina langu.

Mwanangu, Jumanne hiyo nilikuwa nimelala hospitali ya uzazi ya Pumwani, na mdogo wako alikuwa na umri wa siku mbili. Sikuhitaji kuapa wala kupiga kelele. Fomu yangu ya likizo ya uzazi ilikuwa katika ofisi ile ile iliyoandika kumbukumbu, imepigwa mhuri, imetiwa sahihi. Nilimwomba afisa aagize faili langu, akaagiza. Akaziweka karatasi hizo bega kwa bega mezani. Chumba kikawa kimya hata nikasikia feni ikizunguka.

Afisa akauliza, "Nani aliandika kumbukumbu hizi?" Meneja akasema hajui, kazi ya kuandika ni ya msaidizi. Msaidizi alikuwa kijana wa rika lako sasa, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alikuja kubeba mafaili tu. Alisimama akasema, "Ni mimi." Hakusema ni nani aliyemtuma. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona kidole gumba kikisugua kingo za faili, kinasugua tu, hakikomi.

Mwenzetu alilipwa. Kijana alifutwa kabla ya mwisho wa mwezi, naye pia bila kikao. Watu wa ofisi hawakuwa wanachama wetu, kwa hivyo sikuwa na kiti cha kukaa kando yake. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu yeye hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunitafutia michango yangu ya NSSF ya miezi saba iliyokuwa imepotelea kwenye namba ya mtu mwingine, akakaa hadi jioni akilinganisha tarakimu moja moja.

Sasa tuje kwa dereva wako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, na amsikilize kabla ya kumfuta. Hata yule anayeambiwa amekosa kosa kubwa la kufutwa papo hapo ana haki ya kusikilizwa. Nimeketi katika vikao vingi, na nakuambia kwa hakika kwamba hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Kuna mzee wa kupiga pasi aliyedaiwa kukosa kazi siku tatu. Alipoulizwa akatoa mfukoni karatasi ya zahanati. Dakika kumi zikatosha, akarudi kwenye pasi yake. Dereva wako pengine ana karatasi kama hiyo mfukoni. Hakuna aliyemuuliza.

Na barua unayoambiwa uandike itasema kwamba aliulizwa akakosa la kusema. Atakapokwenda Milimani, katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, barua hiyo ndiyo itakayosimama dhidi yake. Mahakama ikiona amefutwa kwa njia isiyo ya haki inaweza kumpa fidia ya hadi mshahara wa miezi kumi na miwili. Hizo ni pesa za ada na kodi ya nyumba. Halafu kughushi hati ni jinai, na kompyuta yako inajua siku uliyoiandika hata ukiiambia vingine.

Usifikiri nakuona mjinga. Wiki iliyopita ulimfafanulia jirani yetu hati yake ya mshahara mstari kwa mstari, makato ya asilimia 1.5 ya nyumba, 2.75 ya bima ya afya, mpaka akaacha kulalamika kwamba mhasibu anamwibia. Nilisimama mlangoni nikisikiliza na moyo wangu ukajaa. Kazi unaijua, na ndiyo maana hili limenishtua.

Ushauri wangu ni huu. Ukiingia ofisini, usibishane na meneja mbele ya watu. Mwandikie barua pepe fupi, ya heshima: kwamba umetafuta kwenye faili hukuona rekodi ya kikao, na ungependa kujua kama dereva anaweza kuitwa asikilizwe sasa, pamoja na mwenzake. Ukiandika barua ya kumwita, itie tarehe ya siku unayoiandika. Akikuambia kwa mdomo ubadilishe, mwombe akuandikie. Wengi huishia hapo, maana hakuna anayependa agizo la namna hiyo liwe na jina lake. Na kama ulishaiandika Ijumaa, niambie. Sitakugombeza. Itoe kabla haijatiwa sahihi, umwambie meneja kwamba umeitoa.

Nipigie kabla hujaingia kwake, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Mazoea ya zamu hayajanitoka, saa hizo niko macho na chai iko jikoni. Na likitokea la kutokea, chumba chako bado kipo, kitanda hatujakihamisha. Mchango wangu wa chama, kile cha kuchangiana pesa, unatoka mwezi ujao, nimepiga hesabu na babako, unalipa kodi yako ya miezi miwili na nauli ya kutafuta kazi nyingine.

Mamako.