Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha ndege za rimoti Tabora, mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, kaka na dada, habari za siku na poleni na majukumu. Naituma taarifa hii kwa maandishi kwa sababu mkutano mkuu tumeuita mara mbili na mara zote mbili tumerudi nyumbani bila akidi, hilo nitalisema mbele.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, wengi mlikuwepo au mliona picha kwenye grupu. Uwanja tumefyeka mara mbili, Jumapili tumerusha karibu zote isipokuwa za mvua kubwa na ile ya msiba wa mama yake katibu, kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane tulipeleka ndege nne za kuonyesha, safari ya Igombe imeahirishwa kwa sababu ya nauli. Ajali ya mtu hakuna, tunamshukuru Mungu, ila ndege zilizovunjika ni tisa.

Sasa nije kwenye lile jambo ambalo najua ndo linasubiriwa, yani pesa tulizoweka za kujenga banda, ambazo uongozi tulizitumia kununua ndege za kufundishia wapya. Yamesemwa mengi, wengine mmesema mwenyekiti kala, wengine mmesema pesa za wazee zimepewa watoto wachezee, na mimi nimekaa kimya miezi yote hii nikisubiri mkutano. Leo naeleza.

Mtakumbuka Desemba ya 2023 alikuja kijana mmoja fundi simu kutoka Isevya. Alijinunulia ndege kwa pesa yake mwenyewe, imetengenezwa kwa mfano wa ndege ya kivita, mabawa yako chini ya mwili, membamba, kitu cha mtu aliyezoea. Alikuwa ameuliza kwenye grupu anunue ipi, akajibiwa kwa vicheko na stika, hakuna aliyemwelekeza. Akaja uwanjani saa tano asubuhi upepo ukiwa umeshaamka, akairusha kwa mkono, ikapanda vizuri, ikageuka ikawa inamjia. Hapo ndo kila anayeanza anapopotea, kwa sababu ndege ikikujia uso kwa uso kulia kwake ni kushoto kwako. Bawa likalala, yeye akasukuma kijiti cha rimoti upande usio wenyewe, likalala zaidi, ndege ikaingia kwenye mwembe. Dakika moja haikufika. Watu wakacheka. Yule kijana akaokota vipande akavitia kwenye kiroba, mota ikabaki juu ya mti, akaita bodaboda akaondoka na hatujamwona tena mpaka leo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nachomoa betri yangu, nikasema nitamfuata nikimaliza, nilipoinua kichwa hayupo. Jambo hilo limeniuma sana na bado linaniuma.

Kumbe yule angeambiwa vitu vitatu tu angekuwa mwenzetu leo. Kwanza anayeanza achukue ndege ya foamu, ile plastiki nyepesi ya povu, yenye mabawa juu ya mwili, ile ukiachia vijiti inajinyoosha yenyewe, na ikianguka unabandika kwa gundi jioni kesho inaruka. Pili aje asubuhi mapema jua likishachomoza, hasa Julai na Agosti, maana upepo wa hapa kwetu ukishaanza saa nne haumfai mgeni. Tatu ndege ikikujia sukuma kijiti upande wa bawa lililolala, kama unaliwekea mguu lisianguke, itanyooka. Hili la tatu nimelirudia mwaka mzima mpaka sauti ikakauka.

Ndo maana Juni, mimi na katibu na mhazini tukaamua kununua ndege mbili za kujifunzia na rimoti ya pili inayounganishwa na ya mwalimu kwa waya. Mwanafunzi anarusha, mwalimu ameshika swichi, akiona mambo yanaharibika anaachia swichi na ndege inarudi mikononi mwake. Hii ndo njia nzuri ya kumfundisha mtu bila kuvunja ndege kila wiki, wenzetu nje huko wanafanya hivi miaka na miaka. Mnasema kwanini sikuuliza wanachama. Niliuliza! Mkutano wa Machi walikuja 8, wa Mei walikuja 6, katiba yetu inataka nusu ya wanachama yani 17. Ningesubiri mpaka lini, wakati vijana wanapiga simu kila wiki wanaomba kufundishwa?

Hesabu ni hii na risiti ziko kwa mhazini, njoo uangalie siku yoyote. Tulianza mwaka na 620,000 za banda, ada zimeingia 875,000, viingilio vya wapya 7 kwa 10,000 ni 70,000, jumla 1,565,000. Ndege mbili 520,000, rimoti 180,000, betri nne 180,000, chaja 60,000, kusafirisha mzigo kutoka Dar 55,000, hapo ni 995,000. Propela na servo (vile vimota vya kuigeuza ndege) za akiba 95,000, kufyeka uwanja 120,000, maji na turubai 40,000. Imebaki 315,000. Shilingi haijaliwa na mtu. Na kwenye hesabu hiyo hamtaona mafuta ya gari langu wala ile usiku nimekaa stendi mpaka saa nane nasubiri basi lenye mzigo, sikudai na sidai.

Matunda yake ni haya, wapya 7, kati yao watano wanarusha peke yao, wanne nimewafundisha mimi na mmoja kafundishwa na mzee wetu mstaafu wa reli ambaye namshukuru sana. Yuko dada mmoja anashona nguo Kanyenye. Wiki tatu za kwanza alikuwa anashika vijiti kwa nguvu mpaka kucha zinakuwa nyeupe, ndege inapanda inashuka kama inaruka mawimbi, nikamwambia dada yangu shika kama unavyopitisha uzi kwenye sindano. Akabadilika palepale. Jumapili ya saba nikachomoa waya bila maneno mengi, akazunguka uwanja mara nne, akapunguza moto wa mota, akaacha ndege ishuke yenyewe dhidi ya upepo, mwisho kabisa akainua pua kidogo, ikagusa nyasi ikasimama. Alikaa chini pale pale akalia. Waliokuwepo siku hiyo hawajaniuliza tena habari za banda.

Wale wanaosema ndege ya foamu ni ya watoto naomba wafikirie hili pia. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar, ndege nzito inataka mwendo zaidi ili ibebwe, na mgeni akipunguza moto mapema inadondoka. Nyepesi inamsamehe. Na kabla ya kurusha pimeni uzito wa mbele na nyuma, ndege ikae sawa ukiishika kwenye robo mpaka theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, ikiwa nzito nyuma hairushiki. Washa rimoti kwanza ndo uchomeke betri, ukimaliza chomoa betri kwanza. Betri za seli tatu zikijaa ni volti 12.6, msiziache zimejaa wiki nzima, zirudisheni kwenye volti 3.8 kila seli, na msichaji usiku mmelala. Betri mbili kati ya zile nne zimeshavimba kwa kuachwa zimejaa na aliyefanya hivyo anajijua, naomba asirudie.

Sasa ada. Wanachama wa zamani tuko 34, ada 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 11. Waliolipa kidogo kidogo 9, wametoa 215,000 wanadaiwa 325,000. Ambao hawajatoa hata mia ni 14, wanadaiwa 840,000. Jumla nje kuna 1,165,000. Fundi alituambia banda la bati ni kama 900,000. Jamani fanyeni hesabu wenyewe, kama kila mtu angelipa tungekuwa na ndege za wanafunzi na banda na chenji juu. Na inanisikitisha kwamba waliopiga kelele zaidi kuhusu banda, wengi wao wako kwenye wale 14, majina sitaji lakini mhazini ameyaandika. Wapya tumewasamehe ada miezi sita ya mwanzo, hilo pia limelalamikiwa, mimi naona ni sawa, mtu anatumia pesa nyingi akianza.

Mahudhurio ni hivyo hivyo. Siku ya kuonyesha watu tunajaa, siku ya kufyeka tunakuwa watano na panga tatu. Walimu wa wanafunzi tuko wawili tu na mzee wetu magoti yanamsumbua, nikisafiri mimi wapya wanakuja wanasimama na ndege mkononi hakuna wa kuwashikia rimoti. Mwezi wa kumi imetokea hivyo Jumapili mbili.

Mwaka ujao tunategemea kupata walimu wengine watatu wanne hivi, banda Mungu akijalia, laptopu ya zamani ya kuwekea simuleta, yani programu ya kurusha ndege ya kwenye skrini, ili watu wazoee vijiti kabla, na ikiwezekana kwenda kwenye shule moja mbili kuonyesha wanafunzi. Pia tuendelee kufuata taratibu za TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kukaa mbali na njia ya ndege zinazotua hapa mjini, mtu asirushe nyuma ya nyumba yake akasema ni mwanachama wetu.

Yule fundi simu wa Isevya nimepata namba yake wiki iliyopita. Nimempigia, amesema atafikiria. Mota yake tuliishusha kwenye mwembe Aprili, bado inazunguka, iko kwangu. Jumapili hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa uwanjani na ndege zote mbili, na mhazini atakuwepo na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti