Kwa nini hatuwezi kukurudishia nywila yako kuu

Ombi linalotufikia mara nyingi kuliko mengine ni la mteja aliyesahau nywila yake kuu, yaani ile moja anayoikumbuka ili programu yetu imtengenezee nywila za tovuti zake zote, na anayetaka tumtumie. Jibu letu, ambalo huwaudhi baadhi yao, ni kwamba hatunayo wala hatujawahi kuwa nayo, kwa kuwa programu yetu haihifadhi nywila yoyote, si kwenye simu yako wala kwenye seva zetu.

Inachofanya ni hesabu tu. Nywila kuu, jina la tovuti na namba ya toleo (ni mara ya ngapi unaitengenezea tovuti hiyo nywila) huchanganywa na kupitishwa mara laki kadhaa kwenye kanuni ya hashi, ambayo matokeo yake hayarudishwi nyuma, kisha hugeuzwa kuwa nywila yenye jumla ya herufi, tarakimu na alama 16. Ukiingiza yale yale kesho, utapata nywila ile ile. Ukikosea herufi moja, utapata nyingine kabisa. Ukiona nywila “imebadilika yenyewe”, basi angalia kwanza kama kibodi ya simu imeikuza herufi ya kwanza bila wewe kuiambia.

Faida yake huonekana siku tovuti moja inapodukuliwa, kwani kila tovuti ina nywila yake na iliyovuja haifungui nyingine. Mwaka 2009 nywila zaidi ya milioni 32 za watumiaji wa RockYou, kampuni ya programu za mitandao ya kijamii, zilivuja zikiwa hazijafichwa kwa namna yoyote, na aliyekuwa ametumia nywila hiyo hiyo kwenye barua pepe yake alikuwa amekabidhi funguo mbili kwa pamoja.

Hata hivyo, mdukuzi aliyepata nywila moja iliyotokana na hesabu hii anaweza kukaa na kompyuta yake akibahatisha nywila kuu, moja baada ya nyingine, hadi matokeo yalingane. Urudiaji wa hashi humchelewesha, lakini haumwokoi mtu aliyechagua jina la mwanawe na mwaka wa kuzaliwa. Tunapendekeza maneno sita yaliyoteuliwa kwa dadu kutoka orodha ya maneno 7,776, kila neno likipatikana kwa kurusha dadu mara tano. Yaandike kwenye karatasi na uifungie mahali salama.

Tovuti ikikulazimisha kubadili nywila, ongeza namba ya toleo kutoka 1 hadi 2, uiandike popote upendapo, kwani hiyo si siri. Namba ya siri uliyopangiwa na benki, programu hii haiwezi kukutunzia.